Tundu Lisilo na Waya

Taa ya kijani ya tundu la kumi na tisa ilikuwa inawaka na kuzima, na tundu lenyewe halikuwa na waya.

Fundi wa mitandao aliiona asubuhi, akapuuza. Swichi, kile kisanduku cha matundu kinachounganisha waya za mtandao, ilikuwa mpya na yeye ndiye aliyeipanga: kompyuta huku, simu za ofisi kule. Matundu yasiyotumika alipaswa kuyafunga kwa amri ya kompyuta, akasema atayafunga kesho. Ngojangoja huumiza matumbo, ila safari hii liliumia tumbo la mwingine.

Mkewe alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye ofisi hiyohiyo, mwenye sauti tamu hata waliopiga kulalamika walisahau shida zao. Wiki ile sauti ilianza kumkauka. Kila alipoinua mkono wa simu alisikia harufu ya nywele zinazoungua, na upande wa pili mtu alimrudishia maneno yake, kwa sauti yake.

"Mume wangu," alinong'ona, "kuna mtu ananiiga humu."

"Ni mwangwi tu, mama watoto. Nitaurekebisha."

Mpaka siku simu ilipojipokea yenyewe, ikamwambia mteja, "Karibu, nikusaidie nini?" na mke amefunga mdomo. Ndipo fundi akamkimbilia shangazi yake, mganga wa majini.

"Ameingia kwa mlango uliouacha wazi," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Mfungie. Lakini umfungie kweli, mwanangu. Akirudi, haondoki mikono mitupu."

Asubuhi iliyofuata fundi akaandika amri. Taa ikazima, harufu ikakatika, mkewe akacheka kwa sauti yake yote, naye akatoka mbio kumkumbatia kabla hajaandika amri ya kuhifadhi mabadiliko.

Adhuhuri umeme ukakatika. Swichi isiyohifadhiwa hurudia mipangilio ya zamani kama mlevi anavyorudi baa, na umeme uliporejea tundu lilikuwa wazi, na simu zote za jengo, za mezani, za ukutani, hata ile mbovu ya stoo, zikaanza kuita pamoja, na kila aliyeinua alisikia kicheko kilekile cha asubuhi kikizunguka chumba hadi chumba, huku mwenye kicheko amesimama mlangoni amejishika koo, mdomo wazi, hautoki hata mkoromo.

"Shangazi, nikifunga sasa?" fundi alinong'ona kwenye simu yake ya mkononi.

"Ataondoka. Na sauti ataondoka nayo."

"Nisipofunga?"

"Atachukua na pumzi yake. Si nilikwambia ufunge kweli?"

Aliandika amri, kidole kikagoma kuibonyeza. Simu ya mezani ikaanza kubembeleza, tamu kama siku za uchumba: "Mume wangu, usinifungie. Ni mimi."

Mkewe alikuwa analia bila mlio. Akamsogeza mumewe kando, akabonyeza mwenyewe. Kisha akasubiri pale pale mpaka mumewe alipoandika amri ya kuhifadhi, akaibonyeza na hiyo.

Siku hizi mapokezi amekaa mtu mwingine. Bosi anamsifu fundi kwamba mtandao haujawahi kutulia hivi.

Kila jioni fundi humwomba mkewe msamaha. Mkewe humsikiliza mpaka mwisho, halafu huinuka akaenda kuosha vyombo.