Kome Wasiooshwa

Jumamosi moja ya Aprili, saa mbili asubuhi, soko la Dongmun jijini Jeju lilikuwa limejaa kiasi kwamba mtu hakuweza kuinama kuchagua samaki bila kumgonga mwenzake kwa kiuno. Hyeon Jisuk alifika kwenye meza ya Jwa Taegyu kwa kusukumwa tu; alikuwa anaelekea meza iliyofuata. Alivaa koti la mvua la kijivu, suruali ya kitani iliyopigwa pasi vizuri mno kwa soko la samaki, na viatu vyeupe vilivyokuwa vimeshaloa.

"Kome kilo mbili," alisema. "Usiwaoshe."

Taegyu, mwanamume wa miaka thelathini na sita mwenye aproni ya mpira na mikono ya shati iliyokunjwa hadi kwenye viwiko, alisimamisha mizani.

"Dada, mwaka wa kumi na mbili huu nauza hapa. Watu hunitaka niwaoshe mara mbili."

"Mimi sitaki. Na huo mwani ulioshika magamba, uache."

"Nikuongezee na mchanga?"

"Kama upo."

Alimtazama usoni, akaona hatanii. "Mchanga bure," alisema. "Ila leo tu, usinizoee."

Jisuk alicheka, akaziba mdomo kwa mkono kama mtu aliyecheka msibani. Jumatatu alirudi. Jumatano alirudi tena, na Taegyu akamwita Bi Kilo Mbili. Mwezi haujaisha, Taegyu alikuwa na namba yake ya simu, kwa maelezo kwamba angempigia akipata kome wachafu zaidi.

Nyumba ya kina Jisuk ilikuwa mtaa wa pwani, pembeni mwa jiji: paa mbili katika ua mmoja, kama zilivyo nyumba za zamani za kisiwa cha Jeju. Kubwa ilikuwa ya wazazi. Baba alipofariki, mama alihamia ile ndogo, na kubwa ikabaki tupu. Kaka yake Jisuk, aliyekuwa akiishi Busan, alitoa uamuzi wake kwa simu: nyumba isiyolala mtu huoza, ikifika mwaka mpya bado tupu, iuzwe, mama aende kwake ghorofa ya kumi na tisa. Mama hakubisha. Alianza tu kugawa vyungu vyake kwa majirani, kimoja kimoja, na Jisuk akaelewa.

Aliacha ukarani wa shule, akaitangaza nyumba mtandaoni kwa wageni wa siku mbili tatu. Januari walikuja wawili. Februari hakuja mtu. Machi alikuja bibi mmoja kutoka Daejeon, akaona boya la rangi ya chungwa, la aina wanayoelea nayo wanawake wa kisiwani wanaopiga mbizi kuvua kome, ambalo Jisuk alilitundika ukutani kama pambo, akauliza: "Kumbe mama yako ni mpiga mbizi?"

Jisuk hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Maoni aliyoyaacha yule bibi yalisema kwamba mwenye nyumba ni binti wa mmoja wa wanawake mashuhuri wa mbizi wa Jeju. Wiki hiyo zikawekwa nafasi nne.

Ukweli ni kwamba mama yake, Bu Okja, alizaliwa mlimani, ambako wanawake huchuma kangaga za kupika na hawajui kuogelea. Jisuk aliyanakili maneno ya yule bibi kwenye tangazo, akanunua suti nyeusi ya mpira iliyotumika. Kila asubuhi yenye wageni, kabla hawajaamka, alimsimamisha mama yake uani, akammwagia maji ya bomba kichwani na mabegani, akamkabidhi karai la kome wenye mwani wao. Mama wa miaka sitini na sita alipita mlangoni akidondosha maji, wageni wakapiga picha, wakala.

"Maji ya baridi haya," mama alisema siku moja.

"Samahani, mama."

"Siyo baridi ninayoisema."

Hakulisema tena jambo hilo. Aliomba kitu kimoja tu: asiivue miwani ya mbizi usoni wakati wa picha.

Kufikia Juni kalenda ilikuwa imejaa, na Jisuk na Taegyu walikuwa wakila pamoja kila Jumapili. Siku ya kwanza Jisuk alivaa gauni la rangi ya mtama lenye mfuko mmoja. Taegyu alivaa shati jipya ambalo hakuwa ameliondolea karatasi ya bei kwenye ukosi, na Jisuk aliiacha hadi tambi zilipoisha.

"Unanifanyia makusudi," Taegyu alisema.

"Nilitaka nione utakaa nayo mpaka lini. Mpenzi wangu, hujitazami kwenye kioo?"

"Rudia."

"Hujitazami kwenye kioo?"

"La mwanzo."

Hakurudia, lakini masikio yake yalikuwa mekundu hadi walipoachana kituoni.

"Lini utanipeleka kwa mama yako?" Taegyu aliuliza Jumapili iliyofuata.

"Hajisikii vizuri siku hizi. Na wewe, mama yako anafanya nini?"

"Mbizi. Ndiye kiongozi wao hapo ufukoni kwenu. Moon Sunok. Hujamsikia? Anaongea kwa sauti mpaka mtaa wa pili. Masikio yameharibika kwa kina cha maji."

Jisuk aliweka kijiko chini. Kwa wiki mbili hakupokea simu zake za jioni, akisema wageni ni wengi. Kome aliendelea kununua, kwa kuwa wageni walikuwa wengi kweli.

Kisiwani hapo ni marufuku kuvua kome tangu Juni mosi hadi mwisho wa Agosti, wapate kuzaana. Wanaouzwa miezi hiyo wamevuliwa mapema na kuwekwa kwenye matangi, na kila muuzaji hutoa stakabadhi ya kuthibitisha hivyo. Binti wa mpiga mbizi angelijua hilo tangu utotoni. Jisuk, binti wa mchuma kangaga, hakulijua.

Julai mgeni mmoja aliweka picha mtandaoni: mwanamke mwenye suti nyeusi na miwani usoni, akidondosha maji, karai la kome mikononi. Aliandika chini yake jina la mtaa na maneno "wamevuliwa asubuhi hii". Picha ilisambaa. Agosti mkaguzi wa uvuvi alifika kwenye banda la wapiga mbizi wa ufuko ule, wanawake kumi na mmoja. Aliwaonyesha picha, akawataka wamtaje mwenzao. Mpaka atajwe, hakuna atakayeingia majini.

Jioni ya siku ya tisa tangu mkaguzi aje, Taegyu alipiga simu. Jisuk alipokea.

"Kesho usije sokoni."

"Kwa nini?"

"Usije tu, Jisuk."

"Sema kama umenichoka. Mimi si mtoto."

"Sijakuchoka. Nakuomba usije."

Alikata simu. Jisuk alikaa na jambo moja kichwani: amesoma tangazo, amejua, ananiacha. Asubuhi alikwenda sokoni kwa hasira, nywele hazijachanwa. Taegyu hakuwapo. Mwenye meza ya pili, muuza dagaa aliyeitwa Bi Gil, ndiye aliyekuwa akimuuzia.

"Yuko ofisi ya ushirika na mama yake," Bi Gil alisema. "Hujasikia? Mwenzao mmoja amevua kome wakati wa marufuku, na hasemi. Wanawake wametazamana vibaya mpaka hawali pamoja. Miaka arobaini ya urafiki, dada, imekwisha kwa kome. Hebu mtazame mwenyewe huyo mwizi."

Akamwonyesha simu. Jisuk alimwona mama yake.

Bado alikuwa amesimama pale Taegyu aliporudi. Taegyu alifungua droo, akatoa bahasha iliyojaa stakabadhi ambazo hakuwahi kumpa, zote zenye jina lake Jisuk na tarehe za Juni na Julai.

"Ningempa mkaguzi hizi, mama angekuwa majini siku ile ile," alisema. "Siku tisa nimekula mezani kwake na hizi ziko humu. Nilikuomba usije ili usiyasikie haya sokoni."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza. Mtu anayenunua kome na kuomba wasioshwe, nilitaka kujua ni nani. Nikalisoma tangazo lako."

"Na ukaniuzia?"

"Ningekuambia, ungenunua kwa mwingine."

Jisuk alitaka kumkasirikia na hakupata pa kuanzia. "Nipe," alisema.

"Siwezi kukupeleka kwa mkaguzi kwa mkono wangu."

"Sikuombi unipeleke. Nipe."

Nyumbani, mama yake alikuwa uani, anaanika vitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakausha mikono. "Twende," alisema. "Mimi ndiye niliyeko kwenye picha."

Banda la wapiga mbizi lilikuwa na joto na harufu ya mpira. Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameketi kwa vyeo vyao, wazuri wa mbizi karibu na moto, lakini baina yao waliacha nafasi. Jisuk alizungumza akiwa amesimama. Alieleza boya, suti, bomba na kome, kwa mpangilio, akaweka stakabadhi chini. Sauti yake ilikatika mara moja tu, kwenye bomba.

Moon Sunok, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, alimgeukia Okja.

"Umewahi kuingia majini?"

"Sijui kuogelea."

Mmoja alicheka, akanyamaza.

"Na ukakubali?"

"Sikutaka kwenda Busan," Okja alisema. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, na Jisuk, ambaye hakuwa amelia, akamwona mama yake vile, akainama kando yake ili asimwone.

"Nyanyukeni," Sunok alisema kwa sauti yake kubwa. "Mkaguzi tutampa karatasi, yataisha. Lakini siku tisa nimemshuku huyu hapa." Alimwonyesha mwanamke wa kushoto kwake. "Nimewahi kuzirai chini ya maji, akanitoa kwa nywele. Na siku tisa nimepita mlangoni kwake nikinusa sufuria zake. Hilo mtalirudisha kwa karatasi gani?"

Akamgeukia Jisuk.

"Pale ulipouandika uongo, uandike na ukweli. Pale pale juu. Ukae mwaka mzima." Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni, alikosimama mwanawe. "Na wewe uliyeficha bahasha, nimekuona. Usije kula leo."

Jisuk aliandika siku hiyo hiyo: *Mama yangu hajawahi kupiga mbizi. Niliwadanganya wageni ili waje, na uongo wangu ukawachafua wanawake wasio na kosa.* Nafasi za Septemba zilifutwa zote isipokuwa mbili. Oktoba hakuja mtu. Kaka alipiga simu kuuliza tarehe ya kumleta dalali. Taegyu hakupiga, wala Jisuk hakumpigia. Kila mmoja aliona ni yeye asiyestahili kuanza.

Siku moja ya mwisho wa Oktoba, mchana, simu ililia.

"Bi Kilo Mbili."

"Sinunui tena kome," Jisuk alisema.

"Sikupigii kwa ajili ya kome. Nataka nafasi kwenye nyumba yako na mashine inanikataa."

"Siku zote ziko wazi. Haiwezi kukukataa."

"Imenikataa mara tatu. Nimejaza jina. Nimejaza mgeni mmoja. Nimejaza siku ya kuingia, Novemba mosi. Inasema kuna sehemu nimeiacha tupu."

"Sehemu gani?"

"Siku ya kuondoka."

Jisuk aliketi kwenye kizingiti. "Si uijaze."

"Sina cha kujaza."

Uani mama yake alikuwa anafagia, kisha fagio likanyamaza.

"Taegyu, umesoma kilichoandikwa pale juu?"

"Nimesoma. Mimi sina pa kuandika cha kwangu, hiyo ndiyo tofauti."

"Mama yako anasemaje?"

"Anasema hatakula mezani kwako mpaka ule mwaka uishe. Kuhama hajanikataza."

Uso ulimwaka Jisuk hadi shingoni, na hakuwa na hakika ni kwa neno lipi. "Ngoja," alisema.

Alifungua kompyuta, akaifunga Novemba kwa wageni wengine, akaifunga Desemba, akaendelea hadi kalenda ilipokwisha. Tangazo lenyewe hakulifuta. Maneno yale yalibaki juu ya nyumba isiyopangishwa, kila mwenye kupita ayasome, na katika mwaka wake ilikuwa imebaki miezi kumi.