Pasi Iliyowaka Yenyewe

Foleni ya duka la vifaa vya umeme ilikuwa imebanana. Mshonaji, gauni lake la kijani limemkaa kama amezaliwa nalo, alishika boksi la soketi ya rimoti. Kinyozi mwenye shati jeupe akalishika upande wa pili.

"Chukua wewe, dada. Yapo mengine."

"Kumbe unajua kupisha wanawake."

"Warembo tu."

Wakatoka pamoja, kila mmoja na boksi lake, wakagundua wanaelekea nyumba moja. Kinyozi ndiye aliyefungua saluni ya kunyoa pale chini. Mshonaji aliishi juu na shangazi yake. Hazikupita siku nyingi simu zikaanza.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Juu ya kichwa chako."

Mchana mmoja mshonaji aliizima kwa rimoti pasi aliyoichomeka kwenye ile soketi. Ilipopoa, akailaza juu ya gauni la bibi harusi lisipeperushwe na upepo, akatoka barazani kupokea simu ya kinyozi. Aliporudi, moshi. Kiunoni mwa gauni palikuwa na tundu la umbo la pasi.

"Mapenzi yamekutoa akili," shangazi akasema. "Uliiacha inawaka."

"Niliizima, shangazi."

Kesho yake, feni ya kinyozi ilipoanza kuunguruma chini, taa ya pasi ikawaka mbele ya macho ya mshonaji. Akampigia.

"Kumbe ni wewe. Feni yako ikiwaka, na pasi yangu inawaka. Unachezea kazi yangu ucheke na wateja wako?"

"Nimecheza nini?"

Akakata. Simu zilizofuata hakupokea hata moja. Alishona mkanda mpana wa lesi kufunika tundu, machozi yakimlenga.

Kinyozi aliwaza mpaka akang'amua. Akapanda ngazi mbiombio, rimoti mkononi, nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Tazameni." Akabonyeza. Pasi ikawaka.

Shangazi akarudi nyuma. "Nani kaigusa?"

"Mawimbi ya redio, shangazi. Rimoti zetu zina namba ile ile, na mawimbi hayazuiliwi na dari. Nikiwasha feni, nawasha na pasi. Nitabadilisha yangu. Nisamehe, sikujua."

Mshonaji akainamisha uso. "Nami nilikuhukumu bila kukusikiliza. Bahati, bibi harusi kaupenda mkanda kuliko gauni lenyewe."

"Basi ukishamaliza lake, shona lako. Mimi nataka kukuoa."

Mteja akajipapasa upande wenye nywele.

"Jibu, dada. Wengine tunasubiriwa kazini."

Mshonaji akacheka mpaka akashika meza. "Nimekubali. Kamalize kichwa cha watu."