Hodi Katika Chumba cha Ghania

Mashine ya tatu ilikuwa imelala ubavu juu ya mkeka, tumbo wazi. Kile kisanduku chake cha kupokelea umeme kilikuwa kimeungua, kimetolewa na kuwekwa juu ya stuli. Hata hivyo kioo cha mashine ya kwanza kiliandika kwamba ile ya tatu imeitikia. Kiliandika kwa Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: ghania yu hai.

Maher bin Thabit alitazama, akacheka puani. Ndivyo alivyo. Akiona jambo asilolielewa hulicheka kwanza, ili lisije likamcheka yeye.

Tumjue kidogo bwana huyu, maana mwenyewe alitaka sana ajulikane. Babu yake alikuwa na mikarafuu mpaka haihesabiki, na yeye katika yote hayo alirithi nyumba moja ya Jadida, pale Wete, na pua ya kuwatazamia watu. Alikaa Maskati miaka kumi na mmoja. Aliporudi alisema alikuwa injinia. Kweli yake alikuwa mtunza stoo katika ofisi moja ya mafuta. Ofisi ile ilipotupa kompyuta tatu kuukuu za Unix, mfumo wa maofisi makubwa, nzito, za rangi ya maziwa yaliyochacha, Maher alizipakia akaja nazo Pemba pamoja na rundo la karatasi za mafunzo. Alikuwa na nia ya kufungua darasa. Kabla hajafundisha mtu, ilibidi ajifunze mwenyewe namna ya kuziunganisha ndani ya nyumba zikasemezana, na hilo hakumwambia yeyote.

"Hizi si kompyuta za kuchapia kadi za harusi," aliwaambia majirani waliokuja kuchungulia. "Hii ni Unix. Nyie vichwa vyenu havitoshi."

Kazi yenyewe si ngumu kama alivyoitia chumvi. Kuna kisanduku chenye matundu manane na vijitaa vinane. Kila mashine hutoa waya wake ukaingia katika tundu, na taa ya tundu lile ikawaka. Kila mashine hupewa nambari yake, na nambari hizo huandikwa katika faili moja dogo pamoja na jina, ili mtu asiumize kichwa kukumbuka tarakimu. Wengine huzipa mashine majina ya matunda au ya samaki. Maher alizipa majina ya wafu wake. Ya kwanza aliiita thabit, marehemu baba yake. Ya pili hamzah, marehemu ami yake. Na hii ya tatu, mbovu, akaiita ghania.

"Maher, hayo majina ya watu," mkewe Mwatima alimwambia.

"Wenyewe hawayatumii," alijibu.

Ghania alikuwa mdogo wake, aliyekufa kwa homa ana miaka kumi na saba. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita na chumba chake kilikuwa bado kimefungwa kufuli. Kila Alhamisi baada ya alasiri mama yao, Bi Rumaitha, alifika mlangoni na chetezo cha udi, akapiga hodi mara tatu, akasubiri kidogo, kisha akasoma Fatiha na kurudi zake bila kugusa kufuli. Ndiyo adabu yetu kwa mlango wa yeyote: hodi tatu, usipojibiwa ondoka. Mwenye nyumba hayupo, au yupo na hakutaki. Maher alilivunja kufuli lile kwa nyundo, kwa sababu chumba kilikuwa na kuta nene na mashine zake zilitaka baridi.

Sasa sikiliza uvivu wake. Alikuwa akingoja kisanduku kipya cha umeme kutoka Maskati, na hakutaka taabu ya kukagua kila mara kama ile ya tatu imeungana na wenziwe. Akaipa ile ya kwanza amri ya kuiita. Kwa mafundi hilo ni jambo la kawaida: unaita, ikijibu unajua waya ni mzima, unakwenda kunywa chai. Lakini Maher aliiandika amri ile iite bila kikomo. Umeme ulipokatika na kurudi, kama ulivyokuwa ukifanya kisiwani miaka ile, aliianzisha upya. Siku kumi na moja mashine ilimwita Ghania ndani ya chumba cha Ghania, mara elfu kwa maelfu, na kioo kikajaa mstari mmoja: hakuna jibu kutoka kwa ghania.

Siku ya kumi na mbili, Alhamisi, likaja jibu.

Bi Rumaitha alitokea mlangoni wakati uleule, chetezo mkononi. Maher akaona amepata mzaha.

"Mama, leo Fatiha haina kazi. Njoo usome hapa. Mashine inasema Ghania yu hai."

Mama hakusoma, Kiingereza hakijui. Alisimama kizingitini na moshi wa udi ukimpanda usoni. Akasema hodi, mara moja tu, kwa sauti ndogo. Kisha akaweka chetezo chini, akavua viatu, akaingia.

"Mama, nafanya mzaha."

"Nyamaza, mwanangu. Mdogo wako kajibu."

Hapo ndipo Maher aliponusa harufu. Haikuwa ya udi wala ya vumbi la mashine iliyopata moto. Ilikuwa ya uto wa nazi uliotiwa asumini, yale mafuta ya nywele ambayo nyumba ile haikuwa nayo tangu msichana mmoja alipozikwa nayo kichwani. Alifungua dirisha, akasema jirani anapika mafuta.

Kuanzia siku ile Bi Rumaitha hakutoka. Alihamisha mkeka wake akaulaza kando ya ile mashine iliyopasuliwa, na kutwa nzima kiganja chake kilikuwa juu ya bati lake, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Aliagiza sahani mbili za chakula. Mwatima alipozifuata jioni alikuta ya mama haijaguswa, na ile ya pili wali umekauka ukapasuka kama uliokaa juani wiki nzima. Siku ya tatu bangili zilimponyoka bibi mikononi zenyewe.

Maher alimpenda mama yake; hilo nampa, na ni moja tu. Hakuwa na mzazi mwingine duniani. Aliziona bangili zile sakafuni na moyo ukamruka, ila kwa mtu kama yeye hofu haitoki kwa mlango wa hofu. Ilitoka kwa hasira.

"Mwanamke amezeeka, anaota," alisema jikoni.

Mwatima alichungulia ukumbini kabla ya kujibu. "Maher, punguza sauti. Leo adhuhuri nikisonga ugali, mama akaita, 'Ghania!' Basi mie n'kasikia mtu akiitikia."

"Nani?"

"Mtu wa kike. 'Abee.' Kavuta vile, abeee, kama yuko uwani na mikono imemjaa kazi. Yule wifi sikumjua mie, nikuulize wewe alivyokuwa akiitikia."

Ndivyo hasa alivyokuwa akiitikia, na Maher alijua. Aliondoka kwenda chumbani na bisibisi, akabadili waya, akabadili tundu, akabadili nambari katika faili, na kila alipobadili kioo kiliandika ghania yu hai, akauchomoa kabisa waya wa ile mashine ya tatu akaushika mkononi, mwisho wake ukining'inia hewani, na taa ya tundu lililo tupu ikaendelea kuwaka kijani, ikifumba na kufumbua kwa utulivu, na pale juu ya stuli feni ndogo ya kile kisanduku kilichoungua ikaanza kuzunguka, polepole kwanza, halafu kwa kasi, bila waya, bila umeme, ikimpepea usoni harufu ile ya uto na asumini, na mama yake pale chini akatabasamu na kumwambia bila kufumbua macho, "Mpishe mdogo wako, baba, asuke nywele."

Alitoka mbio. Ukumbini akajisemea kwa sauti ya kitaalamu kwamba waya ni mbovu.

Nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa Shehe Mbarouk, mzee mmoja mkavu, maarufu kwa kusomea watu walioingiliwa na majini. Dakika mbili kwa miguu. Lakini Shehe Mbarouk alikuwa wa chama kile kingine cha siasa. Tangu vyama vingi viingie, nyumba zile mbili hazikusalimiana. Hazikuzikana wala hazikununua chumvi duka moja. Wakubwa wa vyama walikuwa wamepatana na kupeana mikono mbele ya kamera, na Jadida watu waliendelea kununiana kwa bidii. Maher aliapa kwamba afadhali nyumba iungue kuliko mtu yule kukanyaga ukumbi wake. Mama yake akiwa amebaki mifupa na macho, yeye alikuwa akilinda ukumbi.

Mwatima hakuomba ruhusa. Jumatatu asubuhi alijitanda buibui, akapiga hodi kwa Shehe mara tatu, na ya tatu akajibiwa.

Shehe alikuja na fimbo na chupa ya marashi. Hakumtazama Maher. Alisimama mlangoni mwa chumba, akatazama kioo kilichokuwa bado kikiita, akauliza ni maandishi gani yale. Mwatima alimweleza.

"Umemwita mara ngapi?" Shehe akamuuliza Maher.

"Hiyo ni amri ya kupimia waya tu. Hutaelewa."

"Mara ngapi?"

Maher akakohoa. "Siku kumi na sita sasa."

Mzee alivuta pumzi. "Hodi tatu, kijana. Mama yako akipiga tatu, akaondoka, na kilichomo humu kikakaa kimya miaka yote hino. Sasa hiki si dada yako. Dada yako kalala, yuko kwa Mola wake. Hiki kimesikia nyumba ya watu ikiita jina mchana na usiku, mwenye jina haji, kikaona basi nami nitaitika."

"Kitoe," Mwatima alinong'ona.

"Aliyekiita ndiye akirudishe. Si kazi kubwa. Mama aondolewe mkono pale, atolewe nje kwanza. Halafu Maher apige magoti hapa, aseme kwa kinywa chake: Ghania kafa, nami nimekosa adabu kwa mlango wa watu, nisamehewe. Mie nisome. Kitaondoka."

Ilikuwa ni hilo tu. Maneno yasiyojaza kiganja. Lakini Maher alifikiria magoti yake sakafuni mbele ya mtu wa chama kile, na namna hadithi itakavyotembea Jadida kabla ya magharibi.

"Nipige magoti mbele ya bati?" alisema. "Mzee, haya mambo yana sayansi yake." Akachukua koleo.

"Mama kwanza!" Shehe alipaza sauti. "Mkono wake uko pale!"

Maher alishakata. Nyaya zote tatu kwa mkupuo mmoja, hata ule aliouchomoa, kisha akazima umeme ukutani. Vijitaa vikafa, feni ikasimama. Kiganja cha Bi Rumaitha kilikuwa bado juu ya bati. Alishtuka mwili mzima mara moja, akashusha pumzi ndefu, akafumbua macho na kuwatazama wote mmoja mmoja, kwa hamu, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba.

"Njaa inaniuma," akasema.

"Mnaona?" Maher akacheka. "Waya."

Shehe Mbarouk alimtazama bibi kwa muda. Kisha akaichukua fimbo yake. "Umefunga mlango, nacho kishaingia ndani," akasema, akaondoka bila kuaga.

Ile mashine ya tatu Maher aliivunja kwa shoka, vipande akavitupa katika shimo la choo cha zamani. Mstari wa ghania akaufuta katika faili. Na Bi Rumaitha akapona, akapona kwa namna ya kushangaza watu. Alikula sahani mbili. Magoti hayakumuuma tena. Aliimba uwani, na akaanza kupaka nywele zake nyeupe uto wa nazi wa asumini alioutengeneza mwenyewe. Alhamisi ilikuja, na nyingine, hakuwasha chetezo. Chumbani kwa Ghania alikuwa akiingia na kutoka bila hodi. Mwatima aliacha kula naye sinia moja, na alipoulizwa sababu alisema tumbo. Maher alitembea Wete nzima akisimulia jinsi koleo lilivyomshinda shehe.

Wiki ya tatu aliketi kuziunganisha upya mashine mbili zilizosalia, maana wanafunzi wa kwanza wangekuja kesho yake. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua kali dirishani. Aliita ya baba yake, ikajibu thabit yu hai. Aliita ya ami yake, hamzah yu hai. Akafungua faili la majina ahakikishe, na pale alipokuwa amefuta mstari, kwenye nambari ileile, palikuwa na jina ambalo hakuliandika yeye: rumaitha.

Aliketi akilitazama. Alitaka kucheka, pua haikutoa kitu. Nyuma yake alisikia mama yake akiingia bila hodi na kuketi juu ya kitanda cha Ghania, akaanza kuchana nywele. Kitana kilikuwa kikipita taratibu. Maher aliandika jina lile kwa vidole vilivyokuwa vikitafuta herufi kana kwamba hakuwahi kuziona, akabonyeza, na mashine ikangoja, ikangoja sana, zile sekunde ishirini ambazo huwapa wasiojibu, na huku akingoja aliomba, yeye aliyecheka kuomba, kwamba mstari uje na neno lingine lolote.

Hakuna jibu kutoka kwa rumaitha.

Kitana kilisimama. Maher hakugeuka. Alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano akamwita dada yake kwa ulimi wake mwenyewe, kwa sauti isiyofika mlangoni.

"Ghania?"

"Abeee, kaka," mama yake akaitikia. "Mbona leo mara moja tu? Siku zile ukiita bila kuchoka."