Homa ya Bwana Harusi

Haifa na Bassam walijuana kwa kugombea kanga. Biashara Street ilikuwa imefurika watu, doti imebaki moja, na kila mmoja kashika upande wake.

"Kaka, achia. Wewe utaivaa wapi?"

"Ya mamangu. Lakini nikikuachia, nipe nambari ya simu."

"Mwone!" Haifa akacheka, na nambari akatoa.

Mwaka haukuisha, posa ikakubaliwa. Bassam akaenda Mumbai kununua vitambaa vya duka lake. Haifa akawekwa ndani, akawa anasingwa mwili kwa liwa ya msandali kungoja harusi. Bassam akarudi, ila simu zake zikanyamaza. Haifa akalia, akijua keshaachwa.

Shangazi yake, Zubeida, ndiye aliyeleta habari. "Mchumba wako karudi na homa na vipele mwili mzima. Mungu ndiye ajuaye kaitoa kwa nani. Babako asema harusi hakuna."

Haifa akapiga simu papo hapo.

"Bassam, wanikimbia?"

"Ni dengue, mpenzi. Viungo vyaniuma, hata simu yanishinda kushika. Usije, nisikuambukize."

"Daktari ndiye aliyesema?"

"La. Asema yaletwa na mbu, haipiti kwa kugusana. Ndiyo nalala chandaruani mchana, mbu wa hapa wasiniume wakawapelekea wengine."

"Basi waogopa nini, roho yangu?"

"Watu."

Watu! Haifa alipandwa na hasira. Bibi harusi aliyewekwa ndani hatoki, Mji wa Kale wote wajua. Alivaa buibui, liwa mbichi usoni, akashika njia ya Kuze, kwa kina Bassam, mchana kweupe. Wanawake walichungulia madirishani. Wachungulie!

Baba yake, Mzee Abdulkadir, alimfuata mbio, Zubeida nyuma akihema. Walimkuta kando ya chandarua, akimnywesha Bassam maji ya dafu.

"Haifa! Toka hapo!"

"Sitoki, Baba. Siku ya akdi, ndoa hufungwa mkono wako ukishika mkono wake. Kama waogopa kumshika, sema, nami sitaolewa na mwengine maisha yangu."

Bassam akapenyeza mkono nje ya chandarua, umejaa vipele. Mzee aliutazama. Akamtazama bintiye, liwa imempasuka mashavuni, mato makavu.

Akafuta kiganja kwenye kanzu, akaushika ule mkono.

"Zubeida," akasema, bila kuuachia, "nenda kaite shekhe."