Nadia Alikataa Muchanga

Hakukuwa na wingu hata moja wakati maji ilikuja kuwaua.

Ilikuwa juillet nonante-six, mwezi wa saba 1996, kusini ya Maroko, siku ya ine tangu basi itoke Bruxelles. Pneu ya gurudumu ilipasuka kando ya muto mukavu. Saa ya sala ya mchana ikafika, na maji ya kunywa ilikuwa kidogo, basi abiria Waislamu wote wakatawadha na muchanga. Wote, isipokuwa Nadia.

"Mimi nimezaliwa Bujumbura, ziwa mbele ya mulango," alisema. "Nijipake vumbi kama kuku?"

Aliona kidimbwi kule chini, katikati ya muto. Akashuka. Rafiki yake Mwadi, mukristu wa Lubumbashi, akamufuata kumushikia viatu.

Ghafla dereva, tonton Ilyas, akaanza kupiga kelele kule juu: watoke, watoke, mvua imenyesha milimani!

Wakasikia mawe inagongana. Halafu wakaona ukuta wa matope, na miti, na mbuzi aliyekufa, vyote vinakuja mbio. Mwadi alishika mukono ya Nadia na hakuachia. Maji iliwageuza, ikawapiga kwenye mwamba, ikawavuta mbali, mbali sana, mupaka ikawatupa kwenye ngambo ingine. Muguu ya Nadia ilivunjika chini ya goti. Basi yao haikuonekana tena.

Mwadi alifunga muguu na matawi mbili na foulard ya kichwa. Akachota maji ya matope, akaichuja na kipande cha kitenge.

"Kunywa."

"Inanuka."

"We njo uliitafuta. Kunywa!"

Kwa mbali, nguzo za simu zilikuwa zinavuka muto. Mwadi akaonyesha na kidole. "Pale kuna daraja. Tunaenda."

"Niache hapa, dada. Enda ulete watu."

"Nikuache? Kule Laeken, kwenye nyumba ya wazee, kila siku ninanyanyua ba-mémé ya kilo nonante, na wananitemea café. We uko na kilo ngapi?"

"Cinquante-huit. Haifike makumi sita."

"Bon. Funga kinywa."

Akafungua kitenge chake, akabaki na collant ya miguuni, akamufunga Nadia mugongoni kama vile kwao wanabeba mutoto, na kiatu moja ya Nadia iliyobaki ndani. "Na usinikojolee!"

Jua ilikuwa inachoma kichwa. Mawe ya moto ilikuwa inakata nyayo, maana viatu vya Mwadi maji ilibeba. Kila hatua, Nadia alilia. Halafu akaacha kulia, na hiyo njo ilimutisha Mwadi.

"We! Usilale! Unakaa Molenbeek, hein? Nguzo moja, station moja ya métro. Anza!"

"Étangs Noirs..."

"Sikusikii!"

"Comte de Flandre! Sainte-Catherine!"

Kwenye nguzo ya De Brouckère, Mwadi akaanguka magoti. Akasimama. Gare Centrale, akaanguka tena, damu kwenye mikono, akatukana jua, akatukana muto, akatukana na mémé mumoja wa Laeken, akasimama. Parc. Arts-Loi. Maelbeek. Schuman.

"Mérode," Nadia alisema polepole. "Mwadi... kuna watu."

Basi nzima ilikuwa kwenye daraja! Tonton Ilyas alibadilisha pneu, akafuata muto kuwatafuta, akakataa kuondoka bila wao. Alikuja mbio, analia, akanyoosha mikono amushushe Nadia.

"Usiguse," Mwadi alisema. "Mi njo nilimubeba, mi njo nitamushusha."

Akapiga magoti pale pale kwenye barabara, akafungua kitenge, akamulalisha. Watu wakaleta chupa ya maji. Nadia akaisukuma.

"Mbele ya kunywa, sala yangu."

Akapiga viganja viwili kwenye vumbi ya barabara. Akapangusa uso. Akapangusa mikono. Alisali amekaa, muguu imenyooka, juu ya kitenge yenye matope.

Mwadi alikaa kando yake, akangoja, ameshika ile kiatu moja ya Nadia.