Maneno ya Kwenye Kigoda

Mvua ya Kigali haimwogopi daktari. Ilimkuta Silvère mtaani Nyamirambo, Ijumaa, watu ndio kwanza wanatoka msikitini na soko limejaa. Alikuwa ametoka kumtembelea mgonjwa nyumbani. Ikamkimbiza hadi barazani kwa mafundi cherehani, koti lake jeupe limemnata mwilini na kifungo kimoja hakipo.

"Yewe dogiteri! Unatibu watu na nguo yako iko mgonjwa?"

Aliyesema ni Kaliza, fundi wa cherehani ya mwisho, blauzi ya manjano yenye mikono mirefu hadi viganjani, macho ya kichokozi. Alimvua koti bila kumwomba ruhusa.

"Unatibu nini?"

"Magonjwa ya akili. Vijana wanaojiumiza wenyewe."

Sindano ilisimama. "Iko wengi?"

"Wengi kuliko tunavyokubali. Wazazi wanasema wamerogwa. Nafanya utafiti, nijue namna ya kuwasaidia."

Kaliza akakata uzi kwa meno, akageuza mazungumzo.

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Simu ilikuwa dukani kwa Mama Jovia, mlango wa pili, na ikawa inaita kila jioni.

"Mukunzi, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, au umekula vitabu tu?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Sha, uongo huo umesomea Ulaya!" Na Mama Jovia hoi kwa kicheko nyuma ya magunia ya mchele.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Vita viko kaskazini, vizuizi vya askari kila njia, na watu walikuwa wamejifunza kucheka kwa sauti ya chini. Jioni moja, chumbani kwa Silvère kule Gikondo, Kaliza alikuwa akiosha vikombe, mkono wa blauzi ukapanda. Makovu yalikuwa ya zamani, ya kujikata mwenyewe. Yalianza Oktoba ya mwaka wa tisini, baba yake alipochukuliwa na askari asirudi. Akaushusha mkono haraka, akangoja kuulizwa. Silvère akavuta kigoda, akakaa miguuni pake.

"Sikuulizi kwa nini," alisema. "Niambie tu, leo ni nzito kiasi gani?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kaliza alilia, na kuanzia hapo akampenda kwa moyo wote, bila kuweka akiba.

Wiki chache baadaye alimpelekea chakula kliniki, isombe na wali, amevaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya safari hiyo. Mlango wa Silvère haukuwa umefungwa vizuri. Ndani alikuwamo msichana wa shule, na daktari amekaa kwenye kigoda.

"Sikuulizi kwa nini. Niambie tu, leo ni nzito kiasi gani?"

Kaliza aliweka sufuria sakafuni, akaondoka. Maneno aliyoyatunza moyoni, kumbe ni dawa ya kliniki, kila anayekuja anapewa! Kumbe naye alikuwa mgonjwa tu, mmoja katika utafiti. Iliuma vibaya.

Simu ikaita.

"Mwambie sipo."

Ikaita tena. "Kaliza, mwanangu," Mama Jovia alimwita, "huyu mwanaume sauti imemkauka."

"Mwambie iko wagonjwa wengi wanamngoja."

Mwishowe Silvère alikuja mwenyewe, hajanyoa, koti lilelile, kifungo kingine kimekatika.

"Mimi iko namba ngapi katika utafiti yako?" Kaliza aliuliza bila kuinua uso.

"Huna namba. Nisikilize. Zamani nilikuwa nawauliza wote kwa nini, kama nilivyofundishwa. Wananyamaza, wanaondoka, hawarudi. Jioni ile na wewe sikuwa daktari. Nilisema lililonijia. Halafu nikaona limekufungua, nikalipeleka kliniki."

Cherehani ikanyamaza.

"Kwa hiyo hukunipa mimi dawa yao. Uliwapa wao maneno yangu."

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza. Na mwezi ujao nimeitwa Nairobi, niwaeleze madaktari wenzangu. Ukikataa, siendi."

Utafiti wake wote ulikuwa hapo barazani, unamngoja mwanamke mmoja aseme neno. Na Silvère alijua kwamba akimpoteza huyu, hiyo Nairobi haitamsaidia kitu.

"Yule msichana wa shule," Kaliza akauliza, "alirudi?"

"Alirudi jana. Ndiye wa kwanza kurudi."

Kaliza alishusha pumzi. Alijua inagharimu nini kurudi.

"Basi waambie. Wape maneno hayo, jina langu liache. Lakini mimi nitafutie mengine."

Kifaransa chote cha Silvère kilimkimbia. Lori la askari likapita barabarani, na baraza nzima ikanyamaza mpaka lilipopotea kwenye kona.

"Naogopa," alisema. "Silali, Kaliza. Naiogopa hali ya nchi hii. Naogopa kuvuka mpaka halafu nirudi nisikukute. Naomba tuoane kabla sijaondoka."

"Hayo umewahi kumwambia mgonjwa?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi hayo ni yangu."

Kaliza akavuta kigoda cha fundi, akakaa karibu na magoti ya Silvère. Akakunja mikono ya blauzi mpaka kwenye viwiko, hapohapo barazani, mchana, watu wakiona. Kisha akatunga uzi kwenye sindano.

"Leta hilo koti," alisema. "Bwana harusi wangu haendi Nairobi bila vifungo."