Benchi la Mlango wa Kliniki

Kila akitoka shule, Kidoti alipitia hospitalini kumngoja mama yake, mwanasheria wa pale. Kazi ya mama ni kuhakikisha siri za wagonjwa hazitoki. Wauguzi wakamwita Mama Kufuli, maana viti vyote vya kungojea alishavigeuza ili watu wasichunguliane. Likabaki benchi moja tu, mkabala na kliniki ya kifua. Hapo Kidoti alifanyia hesabu zake.

Siku moja akamwona mwalimu wake akitoka kliniki ile. Kesho yake darasani wanafunzi wenzake wakawa wanamsengenya mwalimu, eti mtoro. Kidoti akaona huruma.

"Muacheni jamani, anaumwa. Nimemwona kliniki ya kifua."

Alidhani amemtetea, kumbe amemwaga mtama kwenye kuku wengi. Mwalimu alipoingia na kukohoa kidogo tu, dawati la mbele likahamishiwa nyuma. Mmoja akaziba pua kwa kola. Mwalimu akaiweka chaki, akatoka.

Kidoti alishamsikia mama akiwaonya wauguzi: anayetoa siri ya mgonjwa, kazi hana. Sasa mama je? Akaenda hospitalini, akamweleza mama yote kwa sauti ya mbu.

"Kinyozi hajinyoi," mama akasema. "Viti vya watu nimegeuza, benchi la mwanangu nikaliacha. Twende kwa daktari mkuu."

"Unakwenda kunishtaki?"

"Najishtaki mwenyewe."

Daktari mkuu akasikiliza, Kidoti kashika sketi ya mama.

"Mama Kufuli, ufunguo umempa mtoto," akasema. "Kazi utabaki nayo, kwa kuwa umekuja mwenyewe. Onyo unalo. Benchi liondoke leo, nanyi mkamwombe mwalimu radhi."

Mwalimu aliwapokea mlangoni kwake. "Nilikuwa natafuta siku ya kuwaambia mwenyewe," akamwambia Kidoti. "Siku hiyo umeniibia."

"Lakini nilisema kweli, mwalimu."

"Kweli, mwanangu, ila haikuwa yako," mama akamjibu. "Ugonjwa wa mtu, msemaji wake ni mwenyewe."

Mwalimu akarudi darasani. "Daktari ameniruhusu kufundisha," akasema. "Mengine ni yangu."

Wanafunzi wenzake wakamnong'oneza Kidoti: "Ana nini hasa?"

"Muulizeni mwenyewe." Akainuka, akaliburuta lile dawati mpaka mbele, akakaa.